Nta ya Handeni, Mchanga wa Korogwe

Mwaija binti Sufiani hakuwa na karakana. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko la Handeni, nacho kilivuja. Hakuwa na mashine ya kukereza vyuma. Hakuwa na umeme wa kutegemea, wala cheti cha ufundi cha kutundika ukutani, wala mume au kaka wa kumshikia upande wa pili wa kitu kizito. Hata jina lake mwenyewe mjini hakuwa nalo, kwani watu walimwita "binti wa fundi baiskeli", ingawa fundi huyo alikwisha kuzikwa na binti mwenyewe alikuwa na mvi za kutosha. Alichokuwa nacho ni subira, masikio mazuri, na sanduku la spana alilorithi.

Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Koleo likivunjika mikononi mwake, mpita njia hudhani kazi imekwisha, lakini mhunzi wa kweli hujiuliza atashika kwa nini kingine. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaija aliijua tangu darasa la tano. Lakini methali ya darasani ni kama mwavuli uliotundikwa ukutani: hujui kama unavuja mpaka mvua inyeshe.

Kazi yake ilikuwa kufufua mashine za zamani za kusagia kahawa, zile nzito za chuma zenye magurudumu mawili, zilizoachwa katika maduka ya zamani na katika kambi za mkonge. Wengine waliziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye alizifungua, akazing'oa kutu, akazinoa meno, na aliyetaka alimfungia pedeli na mnyororo wa baiskeli ili asage kwa miguu. Baba yake alikuwa amemfundisha baiskeli. Mengine alijifundisha mwenyewe.

Asubuhi moja mama mmoja mnene, mwenye kilemba cheupe, alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda. Nyuma yake bodaboda ya pili ilibeba mashine iliyofungwa kwa magunia kama mgonjwa.

"Shikamoo mama," alisema Mwaija.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Asnath, natoka Mkumbara. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mama Asnath alimtazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili. "Afadhali. Mafundi wanaume wote wameniambia ninunue mpya."

Magunia yalipofunguliwa, Mwaija alishindwa kuficha furaha yake. Ilikuwa mashine nyekundu, rangi imechubuka, na bakuli lake la juu la shaba bado liling'aa. Mama Asnath alieleza kwamba yeye na mumewe, Habakuki, waliuza kahawa kando ya barabara kuu pale Mkumbara tangu walipooana. Madereva wa malori walisimama kwa ajili ya harufu yake. Habakuki alipofariki, mama alizungusha gurudumu peke yake mpaka bega la kulia likagoma. Akajaribu kuuza kahawa ya kopo, wateja wakamkimbia mmoja mmoja.

"Bega limekataa, lakini miguu bado ninayo," alisema. "Nifungie pedeli. Mwishoni mwa mwezi wa saba tuna ibada ya kumbukumbu ya mzee. Siku hiyo nataka watu wanywe kahawa iliyosagwa na mashine hii. Isipowezekana, nakifunga kibanda kabisa, nahamia Arusha kwa mwanangu, nikakae kwenye kochi nitazame televisheni mpaka nife."

"Itawezekana, mama."

"Usiniambie kwa mdomo. Niambie kwa mashine."

Mwaija alianza kazi siku ileile. Kila kitu kilifunguka isipokuwa nati kubwa iliyobana gurudumu la mbele. Alimimina mafuta, akasubiri. Akagonga kwa nyundo, nati ikakaa kimya kama mtu aliyesusa. Ndipo alipofunga kibwebwe. Alipitisha mtaimbo kati ya gurudumu na mfuniko wa mashine ili gurudumu lisizunguke, akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akasukuma kwa uzito wake wote.

Kitu kikalia kwaa! Si nati. Ni mfuniko wa mbele, ule unaobeba jino la nje la kusagia, uliopasuka vipande vitatu.

Mwaija aliketi chini. Macho yake yakatua kwenye pedeli za baiskeli alizoziandaa pembeni. Aliitazama pedeli ya kushoto, akakumbuka. Pedeli ya kushoto ya baiskeli hufunguliwa kinyume, la sivyo ingejilegeza yenyewe njiani. Alilijua hilo kabla hajajua kusuka nywele. Aliishika spana, akaizungusha nati upande wa pili. Ikafunguka kama kizibo cha chupa ya mafuta ya nazi.

Alivibeba vipande hadi kwa Muhsin, mchomeleaji wa pale sokoni. Muhsin alivigeuza mara moja tu, akavirudisha.

"Chuma hiki ni cha kumimina, dada. Nikichomelea hapa, kitapasuka pale. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Sikuja kuuliza habari za maji, Muhsin."

"Basi jaribu kwa mzee Kaleb, Korogwe ya zamani. Anasubu sufuria, anamimina chuma kilichoyeyuka kwenye mchanga. Lakini mimi ningekuwa wewe, ningeanza na simu ya Mkumbara."

Ushauri huo ulikuwa mchungu kama shubiri, lakini ulikuwa wa kweli. Mwaija alipiga simu, akasema wazi alichofanya, bila kuisingizia kutu wala uzee wa mashine.

"Huo mfuniko," mama Asnath alisema, "Habakuki alikuwa akiufuta kwa kanga zangu. Tuligombana sana." Akavuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Umeniambia ukweli, nakushukuru. Lakini ibada iko palepale. Endelea."

Kesho yake Mwaija alipanda basi la Korogwe, vipande vikiwa kwenye kikapu mapajani. Alimkuta mzee Kaleb uani kwake, si mbali na Mto Pangani, katikati ya masanduku ya mbao yaliyojaa mchanga, akiyeyusha pistoni za malori kwenye tanuri la mkaa. Alikuwa Mshambaa wa Bumbuli, mwenye viganja vipana kama jembe. Alisikiliza kisa chote, kisha akatikisa kichwa, akamtania.

"Mzigua wa Handeni na nguvu zake. Nati inakuomba iende kulia, wewe unaikokota kushoto."

"Na Mshambaa akipewa chuma, mzee, hukifukia aone kama kitazaa ndizi."

Mzee Kaleb alicheka mpaka akapangusa macho. "Lete hivyo vipande."

Aliviunganisha kwa gundi mpaka mfuniko ukawa mzima kwa macho, ingawa usingeweza kubeba hata yai. Akaunyunyizia majivu, akaufukia katika mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo kidogo, akaushindilia, kisha akauchomoa taratibu. Mchangani ikabaki picha yake kamili. Akamimina chuma kilichoyeyuka. Kilipopoa, wakafukua mfuniko mpya, mweupe, mzuri kuliko ule wa mwanzo.

Lakini Mwaija alipoupima juu ya mfuniko wa zamani, matundu hayakukutana. Mpya ulikuwa mdogo.

"Chuma kikipoa hunywea," alisema mzee Kaleb, na safari hii hakucheka. "Kwenye sufuria haidhuru. Sufuria ikipungua na mfuniko wake hupungua, wanaelewana. Hapa sijui, mwanangu. Kazi ya kupimana na mashine ya watu sijawahi kuifanya."

Mwaija alirudi Handeni na mifuniko miwili isiyofaa. Ndani ya basi machozi yalimlengalenga. Tarehe ya ibada ilikuwa inakaribia, na koleo lake lilikuwa limevunjika mara mbili. Lakini kichwa hakikukubali kulala. Kama chuma hunywea, alijiambia, basi kinachofukiwa mchangani lazima kiwe kinene kuliko kinachotakiwa. Tatizo ni kuunenepesha mfuniko wa chuma. Utaupaka nini kinachoshika, kinachokubali kulainishwa kwa kidole, na kisichong'ang'ania mchanga?

Basi lilipoingia Handeni aliona ndoo za asali zikipakuliwa kwenye baiskeli, na jibu likamjia lenyewe. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake Mwinjuma, mfuga nyuki.

"Shikamoo mjomba. Nataka nta."

"Marahaba. Asali hutaki?"

"Asali nitataka nikifanikiwa."

"Kwa hiyo nikuombee ufanikiwe au usifanikiwe?" alisema mjomba, lakini alimpa bonge la nta ya manjano kubwa kama kichwa cha mtoto, na hakutaka kusikia habari ya malipo.

Mwaija aliiyeyusha nta, akaupaka mfuniko wa zamani pande zote, tabaka jembamba juu ya tabaka, akayaziba matundu na kuyatoboa upya nje kidogo, akipima kwa kulinganisha na ule ulionywea. Alipofika tena Korogwe, mzee Kaleb aliupapasa kwa kidole gumba, akaunusa, akamtazama.

"Umeuvalisha koti."

"Ukipoa, mzee, ubaki na shati."

Walishindilia mchanga pamoja. Walimimina pamoja. Walisubiri pamoja, mzee akisema habari za mvua, Mwaija asisikie hata neno moja. Mfuniko ulipotoka, matundu ya skrubu yalikutana na ya mashine kama meno ya juu na ya chini. Palibaki kazi ya tupa tu, na ya tupa aliiweza.

Mwaija alifungua fundo la kanga yake ili alipe. Mzee Kaleb aliurudisha mkono wake.

"Fedha yako itaishia kwenye mkaa. Mimi nimejua kusoma uzeeni, katika darasa la jioni la watu wazima. Nimesoma vibao vyote vya barabarani mpaka Mombo, na karatasi zote za dawa za mke wangu. Lakini tangu nijue kusoma hakuna aliyeniandikia barua. Wanangu wanapiga simu. Niandikie wewe, unieleze mashine ilivyokuwa. Uipitishe posta, niitwe nikaichukue. Na usinipigie simu kabla, utaiharibu."

Siku ya ibada, nyumbani kwa mama Asnath pale Mkumbara palijaa watu. Mashine ilikuwa uani, nyekundu, yenye mfuniko mweupe kifuani, mnyororo, na kiti cha baiskeli. Baada ya sala mama alikaa kitini, akamimina kahawa iliyokaangwa kwenye bakuli la shaba, akaanza kukanyaga. Mwaija alisimama karibu na mlango, kichwa ameinamisha, akisikiliza kwa masikio yake yote. Hapakuwa na mkwaruzo, hapakuwa na kugonga. Harufu ilipanda, ikavuka ua, na barabarani lori likapunguza mwendo.

Mama Asnath hakusimama mpaka bakuli likabaki tupu. Aliuchota unga kwa vidole, akausugua, akaunusa.

"Habakuki angelalamika," alisema. "Angesema kiti kiko juu mno." Kisha akamwita Mwaija mbele ya watu wote, akamshika mkono, akasema, "Huyu ndiye fundi Mwaija wa Handeni. Kesho nafungua kibanda."

Juma lililofuata Mwaija alinunua karatasi zenye mistari na bahasha. Tangu aache shule hakuwa ameandika barua, na kalamu ilimwia nzito kuliko nyundo. Aliandika akafuta, akaandika tena. Alimweleza mzee Kaleb habari za lori lililopunguza mwendo, za kiti kilichokuwa juu, na za mikono ya watu iliyonyoosha vikombe mara ya pili. Mwishoni aliandika: "Mzee wangu, nilikuja kwako na vipande, ukanipokea kama niliyekuja na kitu kizima. Mungu akulipe mimi nisipoweza." Akatia sahihi, Fundi Mwaija.

Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha. Kilikuwa kimesalia kipande kidogo cha nta. Alikiyeyusha kwenye moto wa kibiriti, akakidondosha juu ya ukingo wa bahasha, akakikandamiza kwa ile nati iliyofunguka kinyume, ambayo mashine ilikwisha kupewa nyingine mahali pake. Kisha akavuka barabara hadi posta, akabandika stempu, akaitumbukiza barua sandukuni na kusikia ikianguka chini. Nta ilikuwa imeisha, lakini sasa Mwaija alijua kwa mikono yake yale aliyoyajua kwa mdomo tangu darasa la tano: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.