Chafya ya Bi Saumu na Ukurasa wa Sanaa

Hapo zamani, na simaanishi zamani ya majini, namaanisha ile ya juzijuzi kabla simu hazijajifunza kupiga picha, Tanga kulikuwa na gazeti la kila Jumapili likiitwa Zumari. Kaeni vizuri. Wewe unayejifanya umesoma sana, shusha miguu. Hadithi hii haina mtihani, lakini nakuahidi utafeli.

Zumari lilikuwa na waandishi watatu wa muziki na sanaa. Kibwana Shekue alikuwa na kalamu tamu. Angeandika habari za ndoo iliyotoboka, ungelia. Zena Mngazija alikuwa na kamera na subira. Tsuma Mwakoi hakuwa na utamu wala subira. Alikuwa na ukweli, na aliutembeza mjini kama muuza kahawa anavyogonga vikombe vyake.

Watu watatu, ukurasa mmoja. Mhariri wao, Mama Shemdoe, mwanamke asiyecheka ila akiona kosa la mwenzake, akawaita.

"Jumamosi Bi Saumu wa Makorora anarudi jukwaani. Tangu afiwe na mumewe, yule mpiga fidla, hajaimba hata jikoni. Atakayeniletea onyesho hilo likiwa hai, ukurasa wa sanaa ni wake, jina lake juu. Wawili watakaobaki wataandika bei za vitunguu."

Vitunguu! Mtu kazoea kukaa safu ya mbele kwenye taarabu, ananyunyiziwa marashi bure, leo akahesabu magunia sokoni? Wakatoka mbio.

Sasa kuna jambo nyie wasomaji hamlijui. Mtambo wa kuchapia ulikuwa mji mwingine, kwa hiyo gazeti lilifungwa Jumamosi mchana. Onyesho jioni, gazeti mchana! Basi kawaida waandishi walikwenda kwenye mazoezi, wakasikiliza, kisha wakaandika kana kwamba wameliona onyesho lenyewe. Karibu wote walifanya hivyo, na nyinyi mlisoma mkafurahi.

Kibwana hata mazoezini hakwenda. Alikaa mezani na sahani ya mihogo, akaandika: Bi Saumu alifungua na "Mlango Nimeuacha Wazi", ukumbi ukanyamaza mpaka feni ikasikika, ubeti wa tatu wanawake wakainuka kumtunza, na wazee wa mbele wakaanza kutafuta leso.

Zena alikwenda mazoezini. Bi Saumu kakaa kitini, mdomo kaufunga kama sanduku la bi harusi. Haimbi. Zena akasubiri. Haimbi. Zena akasubiri. Mara Bi Saumu akapiga chafya, na kamera ikalia. Macho kafumba, mdomo wazi, mkono juu: ungeapa mama wa watu anaimba kutoka kwenye maini.

Tsuma akayakataa yote mawili. "Mimi naandika nilichokiona."

"Basi vitunguu vinakufaa," Kibwana akamwambia. "Vyenyewe vinaonekana vizuri."

Jioni, kati ya wale watatu, Tsuma peke yake ndiye aliyekuwa ukumbini. Bi Saumu akafika mlangoni, gauni jekundu, hina mpaka miguuni. Akachungulia. Akaona kiti cha mumewe kimekaliwa na mpiga fidla mwingine. Akageuka, akarudi kwake. Watu wakasonya, wakaondoka. Na Zumari, lenye maneno ya Kibwana na picha ya Zena, liko njiani linamsifu!

Jumapili mji ukachemka. Waliokuwa ukumbini walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini wasiokuwepo walikuwa wengi zaidi, na hao waliamini. Wakajaa barazani kwa Bi Saumu. "Umetufanyia nini, Bi Saumu? Unaimba sisi hatupo? Rudia leo!"

Tsuma akapenya, gazeti kwapani.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeniimbisha mie niko kwangu nakunja nguo?"

"Si mimi. Mimi nilikuona ukigeuka mlangoni. Na toleo lijalo naandika hivyohivyo."

Bi Saumu akalichukua gazeti, akaitazama ile picha. "Kumbe bado nafanana na mimi," akasema. Halafu akamgeukia Tsuma. "Ukiandika hivyo, watasema nimekwisha."

"Imba leo, basi. Ukiimba, nayameza niliyoyaona."

"Unanitisha, mwanangu?"

"Nakuomba. Ila sauti yangu ndiyo ilivyo."

"Mjalaana mkubwa we! Nipishe nivae."

Jioni ile akaamuru kiti cha fidla kiachwe kitupu, akaimba. "Mlango Nimeuacha Wazi". Ukumbi ukanyamaza. Feni ikasikika. Ubeti wa tatu wanawake wakainuka. Wazee wakatafuta leso. Yote sawasawa na alivyoandika Kibwana!

Sasa sikilizeni vituko. Onyesho hilo la kweli nani aliliandika? Hakuna! Kibwana hakwenda, ya nini, wakati ameshaliandika? Zena alikwenda na kamera, filamu kaisahau ofisini. Tsuma, mtu wa ukweli, alipanda jukwaani kutunza. Mama Shemdoe alipomuuliza ameona nini, akajibu: "Sikuona kitu. Nilikuwa nalia."

Jumamosi iliyofuata wakasimama mbele ya mhariri.

Kibwana akasema: "Bila maneno yangu nani angekwenda kumjazia baraza? Nilichoandika kimetokea. Kuwahi ni kosa?"

Zena akasema: "Watu si kitu, hata Jumamosi ile walikuwepo na akawakimbia. Alichokuwa hana ni sura yake. Nani kamrudishia?"

Tsuma akasema: "Wewe maneno ya uongo, wewe picha ya mafua. Mimi ndiye niliyemwambia macho kwa macho."

"Halafu ukaubadilisha ukweli wako kwa wimbo mmoja!" Kibwana akamrukia. "Mbona hukuandika kwamba aligeuka? Sisi tulidanganya kwa kusema, wewe umedanganya kwa kunyamaza."

Tsuma akapiga meza: "Aulizwe mwenyewe!"

Wakamwita Bi Saumu mwenyewe aamue. Akawatazama mmoja mmoja. "Huyu kanisingizia, huyu kanivizia, huyu kanitisha. Na mie nimeimba. Msinitie kwenye ugomvi wenu." Akajitanda khanga yake, akaondoka.

Haya, msijifanye mnakohoa. Mimi jibu ninalo, na ni zuri, ila sisemi. Nataka kuona nyie mlioketi shuleni miaka yote ile mtasema nini. Mama Shemdoe kashika kalamu. Gari la mtamboni linapiga honi nje, na nafasi ya jina juu ya ukurasa ni tupu. Aliyeandika uongo ukageuka kweli, aliyeinasa chafya ikageuka wimbo, au aliyeukalia ukweli ili wimbo utoke: je, ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?