Fisi Muuza Dawa na Homa ya Kijiji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusengenyana kama sisi, dawa ya homa ilipatikana kwa Fisi peke yake. Ilikuwa mizizi michungu, na bei yake chungu zaidi.

Fisi alimuuzia kila mtu kivyake, akimnong'oneza: "Kwako wewe tu nimepunguza. Usimwambie mtu." Tembo alitoa nusu ya kuku wake wote, akarudi anatamba kwamba amependelewa. Mjinga yule! Aliyeogopa zaidi ndiye aliyekamuliwa zaidi.

Siku moja homa ikamkamata mtoto wa Mama Pimbi. Mama alikuwa na kuku mmoja tu, akampeleka kwa Fisi.

"Mmoja? Huyo ni wa kunionjesha," Fisi akasema, akafunga mlango.

Mama Pimbi alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akafuta machozi, akaita majirani.

"Kila nyumba itoe kuku mmoja, wagonjwa na wazima. Tutanunua pamoja."

"Mimi siumwi," Kobe akanung'unika.

"Homa haipigi hodi, mzee wangu."

Kobe akatoa kuku wake huku amenuna.

"Na Fisi akipita, hakuna anayeumwa," Mama Pimbi akaongeza. "Mmesikia?"

Ghala la Fisi lilikuwa linavuja, mizizi inaota ukungu. Asubuhi nzima hakupata mteja, basi akatoka kutafuta. Akamkuta Nyati juani anatetemeka, tetetete!

"Bwana Nyati, una homa wewe."

"Homa gani? Nacheza ngoma."

Kando yake Tembo meno yanagongana, ko! ko! ko!

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mpigaji wake."

Jasho likamtoka Fisi. Akakimbia kwa Mama Pimbi.

"Yule kuku wako bado yupo?"

"Yupo. Lakini kwa kuku mmoja nataka dawa ya nyumba nzima."

Fisi akameza mate. "Haya, chukua. Kwako wewe tu, usimwambie mtu."

"Sitamwambia. Wamekusikia wenyewe."

Fisi akageuka. Kijiji kizima kimejaa mlangoni, na Tembo kabeba tenga la kuku.

"Mnanionea!"

"Basi kataa," Mama Pimbi akasema, "ukale mizizi yako na ukungu wake."

Fisi akauza.

Mtoto akanywa, akatapika, akanyweshwa tena. Jioni akaomba uji, na mama yake akacheka huku analia.

Basi wanangu, mgonjwa akienda kununua peke yake, hofu yake ndiyo hupanga bei. Wakienda wote, anayeogopa ni muuzaji.