Mlango wa Bi Pimbi Waingia Ziwani

Hapo zamani za kale, wanangu, na nikisema kale simaanishi enzi za babu yenu, yule ni wa juzi tu, wanyama walikuwa na nyumba, na vyungu, na mashemeji wakorofi, na klabu. Naam, klabu! Mnacheka nini?

Ukingoni mwa ziwa palikuwa na Klabu ya Wapanda Upepo. Mpanda upepo huchukua ubao, akausimikia mlingoti, akafunga tanga, akasimama juu yake. Upepo ukimshika, vuuup! anateleza juu ya maji kama sabuni bafuni. Ndivyo inavyotakiwa. Wanachama wa klabu hii walikuwa na kila kitu, isipokuwa hiyo vuuup.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Kiboko. Akipanda ubao, ubao unakwenda chini kuwasalimia kambare. Katibu alikuwa Bi Tembo, mwenye matanga sita, na hakuna hata moja lililowahi kulowa. Mtaalamu wa mambo yote alikuwa Bwana Nyati, ambaye kila ukivuma upepo bega lilimuuma. Kutwa walikaa mchangani wakila mihogo ya kuchoma na kusimuliana mawimbi waliyoyaruka. Na mawimbi hayo yalikuwa yanakua! Jumatatu wimbi limefika kifuani, Ijumaa limegusa mawingu.

Sasa, Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa majabalini, mdogo kama mkate wa bofulo, mkia hana. Siku moja aliona ubao umemponyoka Bwana Kiboko. Ukashikwa na upepo, vuuup! ukaenda zake peke yake mpaka ng'ambo, umefurahi kumwacha mwenyewe.

Moyo wa Bi Pimbi ukaruka. Akaenda nyumbani, akang'oa mlango.

"Mama watoto," mumewe akauliza aliporudi, "mlango uko wapi?"

"Umekwenda ziwani."

"Kufanya nini?"

"Kujifunza kuelea, baba watoto."

"Na shuka la kitanda?"

"Limeusindikiza."

Upepo wa majabalini ukaingia ndani bila kupiga hodi, ukazima jiko. Watoto wanne wakapiga chafya kwa zamu. Chyaa! Chyaa! Chyaa! Chyaa!

"Vumilia," Bi Pimbi akasema. "Nikiwa mwanachama nitapewa ubao wa klabu, mlango utarudi."

"Na usipokuwa?"

Hapo Bi Pimbi akajifanya anatafuta kibiriti.

Kule klabuni alipokewa kwa kicheko. "Wewe?" Bwana Kiboko akamwangalia mara mbili, maana mara ya kwanza hakumwona. "Ukipiga mwayo si utapeperuka?"

"Na ati huyu anawaambia watu mimi na yeye ni ndugu!" Bi Tembo akasema.

"Ndugu hachaguliwi, dada," Bi Pimbi akajibu. "Hata mimi niliposikia nilishtuka."

Bwana Kiboko akakohoa, akatamka sheria. "Anayetaka uanachama azunguke Jiwe la Mnandi, lile pale katikati ya maji, kisha arudi. Ana siku saba. Akishindwa, ubao wake unakuwa kuni za kuchomea mihogo. Tena, mwanachama yeyote akiwa majini, asiye mwanachama haingii. Wenyewe kwanza!"

Mmeuona mtego? Siku ya upepo mwenyekiti yuko majini. Anazama, sawa, lakini kuzama nako ni kuwa majini. Siku isiyo na upepo ndipo wanamwambia, "Karibu Bi Pimbi, ziwa lote lako!" Na ziwa limetulia kama uji uliopoa.

Siku sita Bi Pimbi alisimama juu ya mlango wake, shuka limelegea, akaenda hatua tatu mbele, nne nyuma. Kule mchangani Bwana Nyati alikwisha kuupima kwa macho ule mlango. "Mninga huu," akasema. "Utatoa makaa mazuri."

Siku ya saba upepo ukaamka na hasira. Vuuuu! Nyasi zikalala, kofia ya mwenyekiti ikahama mkoa.

Wanachama wakatoka na matanga yao. Pale tanga lilipimwa kwa shuka: la shuka tatu, la shuka nne, na kuendelea. Upepo mkali, tanga dogo. Upepo mchovu, tanga kubwa. Hilo hata mtoto analijua, ndiyo maana wakubwa hulisahau. Wote watatu walikuwa wanafunga la shuka tatu, na wangeingia majini mara moja, Bi Pimbi abaki nchi kavu.

Bi Pimbi akajipitisha kwa Bwana Nyati. "Shikamoo, bwana mkubwa. Leo la shuka ngapi?"

"Marahaba. Tatu."

"Aa. Tatu." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Bega hilo. Pole sana."

"Bega limefanya nini?"

"Hapana, ni vile mwenyekiti nimemwona analitazama lile la nne."

"La nne? Yule?" Pua ya Bwana Nyati ikatoa moshi. "Nafunga la tano!" Akafungua kamba zote, akaanza upya.

Kwa mwenyekiti Bi Pimbi hakuhitaji hata kusema uongo. "Bwana Nyati anafunga la tano," akasema tu.

"Tano? Mbele yangu? Lete la sita!"

Bi Tembo alikuwa na masikio, mnayajua masikio yake. Akasikia sita. Akachukua matanga yake mawili, akayashona pamoja, likawa la saba. Bwana Nyati kuona vile, fungua! Funga la nane! Mwenyekiti naye, fungua! Kamba zikazagaa, milingoti ikalia kwi-kwi-kwi, jasho likatiririka, na hakuna hata unyayo uliogusa maji.

Mwishowe matanga yakasimama kama mapaa ya shule. Upepo ukalikamata la Bi Tembo, na miguu yake miwili ya mbele ikaagana na ardhi.

"Yalaa!" akapiga yowe. Alipotua, wakatazamana.

"Tangulia, mwenyekiti," Bwana Nyati akasema. "Ni heshima yako."

"Heshima gani? Tangulia wewe, mtaalamu."

"Akina mama kwanza!"

"Mimi katibu. Mimi naandika."

"Basi tupunguze matanga."

"Anza wewe kupunguza!"

"Mimi? Nipunguze mimi?"

Hapo Bi Pimbi, mlango kichwani, akapaza sauti: "Jamani, samahani! Kuna mwanachama yeyote majini?"

"Hakuna!" Bwana Kiboko akafoka bila kugeuka. "Huoni tunajadili?"

"Asante, mwenyekiti."

Chubwi! Akaingia. Shuka lake lilikuwa moja tu, la kitanda, na kwa upepo ule lilitosha na kubaki. Nyayo za pimbi hunata, zimezoea majabali. Akausimamia mlango kama aliyegundishwa. Vuuup! Maji yakapasuka huku na huku.

"Mama yanguuu!" akapiga kelele, na sijui kama ni hofu au raha.

Nyuma ya Jiwe la Mnandi wimbi likamzaba kofi. Puu! Akaanguka, mlango ukaanza kuondoka bila yeye. Akarusha mkono, akashika nini? Komeo! Nani mwingine ana ubao wenye komeo? Akajivuta, akapanda, akalitweka shuka, akarudi.

Alipogusa mchanga, upepo ulikuwa unakufa. Fyuuu. Kimya. Wanachama wakageuka.

"Umetoka wapi wewe?" Bwana Kiboko akauliza.

"Kuzunguka jiwe."

"Sisi hatukuona. Jambo ambalo hatukuliona halikutokea. Nyati, leta shoka."

"Hamkuona?" Bi Pimbi akauliza kwa upole. "Basi niwaite akina mama wanaoosha vyombo pale, wao waliona. Ila wataniuliza, siku ya upepo mkubwa kuliko yote mwaka huu, wapanda upepo walikuwa wapi? Niwajibu nini, mwenyekiti?"

Bwana Nyati akalificha shoka mgongoni.

"Tuliona!" Bwana Nyati akaropoka. "Tuliona kila kitu!"

"Tulibaki nchi kavu makusudi," Bwana Kiboko akadakia, "ili tukusimamie."

"Mimi nilikuwa nakuombea," Bi Tembo akasema. "Ndugu yangu wa damu!"

"Na ule mgeuko wa kule kwenye jiwe," Bwana Nyati akaongeza, "nilimfundisha mimi."

Bi Pimbi akainama kwa adabu. "Kweli kabisa, wakubwa zangu. Bila nyinyi kubaki nchi kavu, nisingefika popote."

Wakapiga makofi, kila mmoja akijipigia mwenyewe. Ubao wa klabu akakabidhiwa palepale, mlango ukarudi kwenye bawaba zake, na watoto wakaacha kupiga chafya.

Mimi nimefika ufukweni. Anayetaka zaidi aogelee mwenyewe, ila aondoke na neno hili: wanaoshindana kwa ukubwa wa tanga, upepo huwaacha mchangani.