Homa ya Asenath

Lori za mbuzi zilipowasili machinjioni Huruma kutoka kaskazini, zilimkuta Asenath tayari amejifunga leso kiunoni na kuvaa gambuti zake. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo na kuwahudumia mbuzi waliozalia safarini. Kwa miaka minane mikono yake ilipokea vitoto vya mbuzi, vingine hai, vingine vimeharibika kabla ya wakati, na kondo za nyuma akazizoa kwa mikono mitupu. Hakuna aliyewahi kumpa glavu. Kazi haikuwa ya fahari, lakini ilimsomesha Luseno na wadogo zake.

Miaka mitatu iliyopita, vali ya moyo wake, yaani kile kijimlango kinachozuia damu isirudi nyuma, iliharibika. Akapasuliwa, akatiwa ya bandia, akapona na kurejea kazini buheri wa afya.

Mwezi wa Februari homa ikaanza. Ilimpanda jioni, ikamtoa jasho hadi shuka zikalowa, kisha asubuhi ikamwacha hoi. Zahanati ya kwanza ikasema ni malaria. Ya pili ikasema ni homa ya matumbo. Asenath akameza vidonge vya kila rangi, naye akazidi kukonda, akabaki mifupa na ngozi. Mwezi wa Aprili akapelekwa hospitali kubwa, kwa bingwa wa moyo aliyeitwa Daktari Shiundu.

Damu yake ilitolewa mara tatu, ikatiwa katika chupa ili vijidudu viote. Havikuota.

"Damu yako ni safi," daktari akasema bila kuinua macho. "Unameza dawa zako kweli?"

"Nameza, daktari. Sijakosa hata siku moja."

"Wote husema hivyo."

Akaandika jambo kwenye faili. Asenath, aliyemaliza darasa la nane akiwa wa tatu, alikisoma Kiingereza kile kikiwa kichwa chini miguu juu: mgonjwa hafuati maagizo. Maneno yale yalimchoma kama chuma cha moto. Yaani yeye, aliyemeza kidonge hata siku ambazo hapakuwa na chakula cha kukishushia, leo anaitwa mwongo na mtu asiyemtazama usoni? Hata hivyo, mnyonge hana haki. Akanyamaza, akaenda zake.

Kufikia Julai miguu ilikuwa imevimba na pumzi zinamkatika akipanda ngazi. Akalazwa siku nne. Chupa zikarudi tupu tena, akaambiwa aende nyumbani.

Muuguzi Perez ndiye aliyekuja kumtoa sindano mkononi. Akaigeuza ile mikono iliyojaa nyufa na makovu.

"Mama Luseno, kwani wewe hufanya kazi gani?"

Asenath akamkodolea macho. Miezi mitano, zahanati mbili na hospitali kubwa, na hilo swali lilikuwa geni masikioni mwake! Akamweleza yote. Alipofika kwenye mbuzi walioharibu mimba, Perez akaacha alichokuwa akifanya.

"Na uko na vali ya bandia? Kuna ugonjwa wa mbuzi hupenda vali kama hiyo. Ngoja hapo."

Akatoka mbio. Sauti ya Daktari Shiundu ikasikika kutoka ukumbini: "Sista, wewe kazi yako ni kutoa sindano."

Wamalwa, mumewe Asenath, aliyekuwa amekuja kumchukua, akainua mfuko wa nguo. "Twende, mama Luseno. Hawa watu hawatusikii."

"Weka mfuko chini, baba Luseno."

Daktari alipopita na wanafunzi wake, Asenath aliketi wima kitandani, mkono kifuani, hasira imempanda hadi utosini.

"Daktari, siondoki. Aprili uliniandika mwongo nikanyamaza. Leo sinyamazi. Pima damu yangu ugonjwa wa mbuzi. Ukiukosa, nitakuomba msamaha mbele ya hawa wote."

Wanafunzi wakamtazama mwalimu wao. Akatia sahihi fomu ya kipimo, labda kwa kuona haya tu.

Majibu yalichukua siku tisa. Ilikuwa homa ya Q, ugonjwa unaotoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wanapozaa au kuharibu mimba. Kijidudu chake hujificha ndani ya chembe za mwili, hakioti katika chupa za kawaida. Hutambuliwa kwa kutafuta katika damu silaha ambazo mwili umetengeneza kupigana nacho. Kilikuwa kimejenga makao kwenye vali ya Asenath na kuilegeza. Ilibidi apasuliwe tena, kisha ameze dawa kwa miaka miwili.

"Tungejua mapema," Daktari Shiundu alikiri, macho sakafuni, "huenda dawa peke yake zingetosha."

Wamalwa akaangua kilio. Asenath hakulia.

"Kwa nini hukuniuliza kazi yangu?"

"Sikufikiria kama..."

"Sikusema kufikiria. Nimesema kuuliza."



Upasuaji ulifaulu, ingawa Asenath alikatazwa kabisa kurudi kwenye mbuzi. Perez alikwenda Huruma, akawashawishi wenzake Asenath wapimwe, na wawili wakapatikana na ugonjwa uo huo, wakatibiwa mapema. Bingwa alikuwa na vyeti, mashine na wanafunzi wa kumfuata nyuma, lakini jibu alilolisaka kwa miezi lilikuwa kinywani mwa mgonjwa wake. Kweli, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.