Kwa Nini Gitaa la Kisanduku Humsubiri Mwimbaji

Bisheni. Bisheni sasa hivi kabla sijaanza, maana nikishaanza sitaki kusikia mtu anakohoa kwa dharau. Nasema hivi: zamani gitaa la kisanduku, hilihili la nyuzi tatu mnalolicheka, lilikuwa linazika majina ya watu. Watu walizikwa na majembe kama kawaida. Majina yao yalizikwa na gitaa. Asiyeamini ainuke akageuze tumbaku yake kwenye bani la kukaushia, sisi tutaendelea. Na wewe unayetabasamu huko nyuma, uliyesoma mpaka vyeti vikakosa ukuta, tabasamu tu. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini nipe gitaa lolote lililokata tamaa, nitalishusha na kulipandisha mpaka likutambue koo lako. Hilo hukufundishwa ubaoni.

Zamani hizo hapa Isungwa palikuwa miombo mitupu, mizinga ya nyuki juu ya miti, na tumbaku kidogo pembeni mwa nyumba. Gitaa lilikuwa moja tu kwa nchi nzima. Tumbo lake lilikuwa kisanduku chembamba cha mbao, kilichokuwa kimebeba sigara nene za matajiri na kudondoka kutoka katika mzigo wa msafara. Aliyekidondosha hakurudi kukitafuta, basi kikawa chetu. Shingo walichonga kwa mninga. Nyuzi walisokota kwa kano za swala: mmoja mnene, mmoja wa kati, mmoja mwembamba. Na zote tatu zilikazwa zikatoa sauti moja, bila kupishana hata kidogo, kama watumwa mbele ya bwana wao.

Desturi ilikuwa hii. Mtu mzima akifa, siku ya kuanua tanga mmoja wa watoto wake au ndugu zake husimama kando ya gitaa na kuimba wimbo wa jina. Hutaja alikozaliwa marehemu, alivyolima, alivyogombana, alivyopenda, na mwisho kabisa huliita jina lenyewe. Akifika hapo salama, jina linabaki hai: mjukuu anaweza kupewa, na wakati wa matambiko linaweza kutajwa. Lakini sauti yake ikiukimbia uzi njiani, mpigaji hulifunika gitaa kwa kitambaa cheusi, na jina limekwenda. Halitajwi tena. Mtoto hapewi. Ni kama marehemu hakupita duniani, ila tu kuna kaburi.

Sasa sikilizeni ujinga wa wazee wetu, na msiniambie nimewakosea adabu, maana wao ndio walianza. Waliamini kwamba sauti ni mali ya gitaa, na mtu anakuja kuiazima. Halafu wakaamini kwamba sauti ikiwa juu, heshima nayo iko juu. Kwa hiyo kila kiongozi wa nyimbo, yule tunayemwita manju, siku anapokabidhiwa gitaa alikuwa anazikaza nyuzi kidogo, ili asionekane yuko chini ya aliyemtangulia. Kidogo tu. Kisha anaviziba kwa ulimbo vile vijiti vya kukazia, ambavyo sisi tunaviita masikio, asije mtu akavigusa. Akifa, anakuja mwingine, anapasua ulimbo, anakaza kidogo, anaziba. Mkishika chungu kila mmoja akiongeza chumvi kidogo tu, mwisho nani atakula?

Gitaa likapanda, likapanda, likawaacha watu chini. Wanaume wenye vifua vipana walisimama kuwaimbia baba zao wakatoa mlio wa jogoo anayejifunza. Akina mama walikwama kwenye mstari wa kwanza. Kitambaa cheusi hakikupata muda wa kukunjwa. Na watu walisema nini? Walisema, "Watu wa siku hizi hawana sauti." Damu yangu huchemka hapo! Gitaa linakosea, anayelaumiwa ni koo. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole kwenye ulimbo.

Manju wa mwisho wa enzi hiyo aliitwa Kapela. Mzee mrefu, mkavu, mwenye sauti nyembamba kama mbu aliyeudhiwa. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuzifikia zile nyuzi, na alitembea Isungwa kama mtu aliyeumba mvua.

Basi akafa Nyamizi. Nyamizi alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa Isungwa waliishika dunia kwa mara ya kwanza mikononi mwake. Aliacha binti mmoja, Kalunde, na Kalunde alikuwa amejifungua mtoto wa kike muda mfupi kabla ya msiba. Yule mtoto hakuwa na jina. Nyanya yake alikuwa amemwahidi lake, akafa kabla ya kumwita. Kwa hiyo kila kitu kilingoja wimbo: Kalunde akifika mwisho, mtoto ni Nyamizi. Asipofika, mtoto atapewa jina jingine lolote, na mkunga aliyewapokea watu wote wale atafutika kama nyayo njiani.

Na Kalunde alikuwa na sauti nzito. Sauti ya kifuani, ya mtungi unaojaa maji. Akibembeleza mtoto, hata mbuzi wa jirani walilala. Lakini kwa nyuzi za Kapela, sauti hiyo ilikuwa shimoni.

Alimwendea Kapela nyumbani kwake, akapiga magoti, akamsalimu kwa heshima zote. Akasema, "Baba Manju, nakuomba ulegeze nyuzi. Kidogo tu, kwa siku hiyo moja."

Kapela hata hakuacha kusaga ugoro wake. "Mwanangu, mama yako alikuwa mtu mkubwa. Unataka umwimbie kule chini, kama mtu anayefukuza kuku?"

"Ndiyo sauti aliyonizaa nayo, Baba."

"Basi alikuzaa vibaya. Lamba asali, ujibane, upande."

Mmesikia? Alikuzaa vibaya! Anamwambia mfiwa, kuhusu mkunga! Mimi ningekuwepo, huo ugoro ungemwingia machoni. Lakini Kalunde aliinama akaondoka. Alilamba asali. Alijibana. Alikwenda kisimani akapandisha sauti mpaka kina mama waliokuja kuteka maji wakamwonea huruma na kuondoka na ndoo nusu. Haikupanda.

Siku ya kuanua tanga ikafika. Watu walijaa uwanjani, maana aliyekufa alikuwa mama wa wengi. Kalunde alimkabidhi shangazi yake mtoto, akasimama kando ya Kapela. Kapela akapiga. Kalunde akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka kama kitambaa kinachopasuka. Wa pili haukutoka kabisa. Watu wakaangalia chini. Kapela akanyoosha mkono kukichukua kitambaa cheusi.

Kalunde akaishika shingo ya gitaa. "Bado."

"Umeshindwa, mwanangu. Usituletee aibu msibani."

"Nimeshindwa nini, Baba? Kuimba, au kuimba kama wewe?"

Kalunde akalishika sikio la uzi mnene akalizungusha. Ulimbo ukapasuka, ka! Bibi kizee mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Uzi ukalia, ukashuka, ukashuka tena, huku Kalunde akiguna taratibu kifuani kama mtu anayemwita ng'ombe zizini. Akaendelea kuushusha mpaka uzi na mguno wake vikakutana, ikawa huwezi kusema kipi ni kano ya swala na kipi ni mtu.

Kapela aliruka akaukumbatia uzi mwembamba. "Huu huugusi! Huu ni wa juu! Huu ni wangu!"

"Kaa nao," Kalunde akasema.

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa amesikia jambo ambalo Kapela, kwa ukubwa wake wote, hakulisikia. Uzi mnene ulikuwa umeshuka mbali, lakini ulipopigwa pamoja na ule mwembamba hazikugombana. Ziliitikiana. Ilikuwa kama mama anaita jina uani na mtoto analirudia darini: jina ni lilelile, mmoja yuko chini, mwingine yuko juu.

Ukabaki uzi wa kati. Huo walivutana. Kalunde alizungusha sikio lake kuushusha, Kapela akalizungusha kuupandisha, mzee mzima na mzazi mbichi mbele ya kadamnasi, mpaka ulimbo uliobaki ukawagandia vidole na sikio likakwama. Uzi ulisimama njiani. Haukuwa wa Kalunde, haukuwa wa Kapela. Watu walingoja usikike kama bawaba isiyo na mafuta.

Kalunde akazipiga zote tatu. Mlio uliotoka Isungwa haikuwahi kuusikia. Ulikuwa mpana. Haukucheka wala haukulia. Ulikaa tu ukiwa wazi, kama mlango, ukimngoja mtu aingie na alichobeba. Naye Kalunde akaingia na mama yake. Akaimba alikozaliwa Nyamizi, alivyokuwa mkali kwa wanaume waliochelewa kumwita, alivyokata vitovu vya watu waliokuwa pale uwanjani wakimsikiliza. Watu wazima walijishika vitovu. Wimbo ulifika mwisho, jina likaitwa, na shangazi akamnyanyua mtoto juu wamwone. Nyamizi alikuwa amerudi.

Hapo ndipo Mzee Mihayo aliposimama. Huyu alikuwa mfuga nyuki, koo lake limekwaruzwa na moshi. Miaka ya nyuma alijaribu kumwimbia kaka yake akakwama, na tangu hapo hakuwa amelitamka jina la kaka yake hata akiwa peke yake porini. Alitembea mpaka katikati ya uwanja.

"Kumbe ilikuwa nyuzi?" akasema. "Miaka yote hii najiambia mimi ndiye niliyemzika ndugu yangu mara mbili, kumbe ilikuwa nyuzi? Nipimie! Nipimie na mimi!"

Akaguna. Kalunde akaukaza uzi mnene, akaulegeza, mpaka ukamkuta kule moshini alikokuwa. Mzee Mihayo akaimba, kwa mikwaruzo yote, akamfukua kaka yake. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. "Nipimie mimi! Mimi nina mama yangu!" "Mimi nina mume wangu!" Kila mmoja aliguna, na kila mmoja alitafutiwa mahali pake. Watoto waliokuwa wamepewa majina ya kujazia walikimbizwa uwanjani wapewe ya babu zao. Kitambaa cheusi mtu alikifutia kamasi.

Na tangu siku hiyo, mpiga gitaa la kisanduku hakazi nyuzi zake nyumbani akaja nazo. Anakuja zikiwa zimelegea, anakaa, anamwuliza mwimbaji, "Sauti yako iko wapi?" Mwimbaji anaguna. Uzi mnene unakwenda kwanza kumtafuta. Mwembamba unafuata, unataja jina lilelile kule juu. Wa kati unasimama njiani, si wa mtu. Mwimbaji akibadilika, nyuzi zinahama. Ndiyo maana masikio hayazibwi ulimbo. Na ndiyo maana nyuzi hizi tatu zikipigwa wazi hazina furaha wala huzuni yake zenyewe: harusini zinacheza, msibani zinalia, anayeamua ni aliyefungua mdomo. Kwa hiyo mtu mwenye gitaa lake la nyuzi sita asije hapa akaniambia hili ni la watoto. Na mkimwona mpigaji anamkaripia mwimbaji, "Panda! Mbona hupandi?" mjue huyo ni mjukuu wa ulimbo. Mnyang'anyeni gitaa. Mkishindwa, niiteni mimi.

Haya, nendeni.

Ngojeni. Kaeni kwanza. Kuna kipande nimekiruka, na nimekiruka makusudi.

Nimewaambia wimbo ulifika mwisho. Sikusema nani aliufikisha. Kalunde aliimba vizuri sana, nyuzi zikiwa palepale kifuani pake, hakuna cha kumzuia. Lakini alipofika kwenye jina, pale pa kulitamka tu, kilio kilimkaba. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, mahali pake mwenyewe, na bado haikutoka, kwa sababu mama yake alikuwa amekufa. Na sheria ilikuwa ile ile. Kitambaa kilikuwa mapajani mwa Kapela.

Yule mzee alikitazama kitambaa. Kisha akaupiga uzi wake mwembamba, ule aliokuwa ameukumbatia, na kwa sauti yake ile ya mbu akaita, "Nyamizi." Huko juu kabisa. Kalunde akalidaka, akaliita naye huku chini, na majina mawili yakawa moja. Uwanja mzima ulisikia watu wawili. Uwanja mzima ukaapa umesikia mmoja.

Sipendi kukisimulia kipande hicho. Kinamfanya aonekane mtu, na mimi bado nina hasira naye. Alikuzaa vibaya! Hata leo siwezi kumsamehe neno lile. Lakini ule uzi mwembamba ni wake, na mimi siwezi kupiga gitaa kwa nyuzi mbili.