Mngoja Ree Huliwa na Kiti

"Mngoja ree huliwa na kiti." Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia Rashidi leo, kijana huyo aliposema hapeleki posa mpaka amalize kujenga nyumba ya ghorofa, na nyinyi mkacheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Nilikuwa nawatazama. Hakuna hata mmoja wenu aliyejua ree ni kitu gani, na huyu mdogo aliyeniuliza ni kiti gani hicho kinachokula watu ndiye pekee mwenye akili. Sogeeni basi. Maneno haya yana kwao, na kwao ni kijiji cha Chwereni, kisiwani Pemba, siku watu wa Bondeni walipokula pilau ambayo hawakuipika wao.

Chwereni ilikuwa na mitaa miwili, Juu na Bondeni. Kila mwaka karafuu zikishachumwa na kuanikwa, mitaa hiyo ilishindana karata. Hawakucheza kwa fedha. Hiyo ni haramu, na hakuna aliyeitaka. Walichezea pilau. Wanaume wa mtaa ulioshindwa walijifunga kanga viunoni, wakapika, wakapakua, wakawanawisha washindi mikono, kisha wakasugua masufuria. Wake zao walikaa barazani wakitoa maelekezo, na maelekezo hayo yaliuma kuliko moshi.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila mtaa ulitoa wachezaji watatu, na kila mchezaji alipewa komwe ishirini, zile mbegu ngumu za kijivu tunazochezea bao. Kabla ya karata kugawiwa, kila mmoja aliweka komwe kwenye sahani kulipia nafasi aliyokalia. Hiyo waliiita kiti. Asubuhi kiti kilikuwa komwe moja, baada ya sala ya adhuhuri mbili, na baada ya alasiri nne. Kisha kila mtu alipewa karata moja tu, akaichungulia peke yake. Aliyetaka kushindana aliongeza komwe alizotaka, na mwenzake ama alilingana nazo ama alitupa karata yake na kuiacha sahani iende. Mwenye karata kubwa alikula sahani. Ree, karata yenye alama moja, ilikuwa kubwa kuliko zote. Chini yake wale wenye sura tunaowaita wazungu, wa nne, wa tatu na wa pili. Chini yao kumi, tisa, na kushuka hivyo hivyo. Aliyeishiwa komwe aliinuka. Na sheria moja zaidi, itieni kichwani: huwezi kula zaidi ya ulichoweka. Ukiweka komwe mbili, mwenzako analipa mbili, hata kama umeshika ree naye ana gunia zima.

Kwa miaka mingi Bondeni walipika. Mzee Shaame Kombo alikuwa amewachezea tangu ndevu zake nyeusi, na alikuwa na kanuni moja aliyoisema kama mtu anayesoma dua: "Usiweke komwe zako mpaka uione ree." Watu walimheshimu kwa subira yake. Alikaa kwenye jamvi tangu asubuhi, akitupa, akitupa, na mara nyingi alikuwa wa mwisho wa Bondeni kuinuka. Lakini aliinuka. Mwaka ninaowasimulia, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kutofautisha saba na nane, ikabidi mtu mwingine akae mahali pake. Akakaa binti yake, Mize.

Mize alikuwa mama wa watoto wanne, mfumaji wa mikeka, mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha karibu. Lakini asubuhi ile hakucheka. Usiku uliotangulia baba yake alimwambia, bila ya kulalamika, kwamba amezijua pilau zote za Chwereni kwa mwiko na hajaijua hata moja kwa sinia. Mzee alikuwa amechakaa. Mize alimtazama akipapasa ukuta kutafuta kitanda chake, akajua kwamba akishindwa safari hii, huenda baba yake asiione nyingine. Alitaka kitu kimoja tu: baba yake aketi, anawishwe mikono, apakuliwe.

Asubuhi jamvi lilitandikwa na mgawaji akawa Bi Raya, mkunga. Hakuna aliyeweza kumshuku, kwa kuwa alikuwa amewapokea duniani wachezaji wote wa pande zote mbili. Mzee Shaame aliwekewa kigoda nyuma ya binti yake.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Khatibu seremala, wa Bondeni hao hao. Jina lake ninalitaja ili msije mkasema methali hii inafundisha pupa. Mgawo wa kwanza alipata kumi. Kumi ni karata nzuri, nani kasema si nzuri? Kiti kilikuwa komwe moja, na sahani nzima ilikuwa na komwe sita. Khatibu akasukuma zake zote kwa kishindo. Makame Faki, nahodha wa Juu, akalingana naye, akafunua mzungu wa tatu. Chai ya Khatibu ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Karibu jikoni, fundi," Makame alimwambia. "Vitunguu vinakungoja."

"Mimi nilikuwa mbele ya wengi!" Khatibu alilalamika. "Kumi inawashinda wengi!"

"Wengi, ndiyo," alisema Bi Raya, akikusanya karata. "Lakini ulitoa nyumba kununua kuku, baba."

Mize aliicheka ile kauli pamoja na wengine, na akaitia moyoni. Asubuhi yote akafuata kanuni ya baba yake. Kiti kilikuwa rahisi, kungoja hakukumuuma. Alipata ree moja akala nayo vizuri, mwingine akainuka, na mwingine, na mwingine. Ilipokaribia alasiri walibaki wawili kwenye jamvi, yeye na Makame. Makame alikuwa na rundo. Mize alikuwa na komwe za kuenea kiganja kimoja.

Walipokwenda kusali na kurudi, Mize alimnong'oneza baba yake kabla ya kukaa.

"Baba."

"Naam, mwanangu. Ree itakuja. Subira huvuta heri."

"Baba, nisamehe. Kiti sasa ni komwe nne. Nikitupa mara tatu nimeinuka, na sijacheza."

"Si itakuja katika hizo tatu?"

"Ikija ya tatu, nitaweka nini juu yake?"

Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetetea kitu alichokijenga mwenyewe, "Na ukiweka kwa karata ndogo ukashindwa, watasema binti Shaame hakufundishwa."

Maneno hayo yalimchoma Mize, kwa sababu alimpenda. Lakini alikuwa ameshaona jambo tangu adhuhuri. Makame naye alikuwa akingoja. Hakuweka kitu mpaka ashike ree au mzungu. Vingine vyote alitupa. Alifanana na Mzee Shaame kwa hilo kama mapacha. Tofauti yao ilikuwa moja tu, kwamba Makame alikuwa na rundo la kumwezesha kungoja.

"Sitaweka kwa karata ndogo, baba," alisema. "Nitaweka kwa iliyozidi kidogo."

Bi Raya akagawa. Mize akalipa kiti, akachungulia karata yake. Tisa ya kopa. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Dhidi ya wengi, tisa inaanguka. Dhidi ya mtu mmoja, inashinda mara nyingi kidogo kuliko inavyoshindwa. Kidogo tu. Asubuhi, kwa kiti cha komwe moja, angeitupa bila hata kuikumbuka. Sasa akawaza mwiko, akawaza sinia. Akasukuma komwe zake zote katikati.

Bondeni nzima ilibana pumzi. Kigoda cha Mzee Shaame kililia.

"Ameweka?" mzee aliuliza. "Ameona ree?"

Makame alichungulia karata yake, akamtazama Mize, akachungulia tena. Kisha akatabasamu na kuitupa, uso juu, ili watu wajifunze.

Ilikuwa kumi.

Ukelele uliotoka! Khatibu, aliyekuwa ameshaanza kumenya vya kesho, alitoka jikoni na kitunguu mkononi. "Angelingana nawe umekwisha, Mize!"

"Kumi si karata ya kufia," Makame alisema kwa utulivu, akiisawazisha kofia yake. "Nina komwe nyingi. Kwa nini nihangaike? Nangoja."

Mize alivuta sahani upande wake. Alijua amepona kwenye tundu la sindano. Lakini alijua pia kwamba sahani ile amelishwa na mtu aliyekuwa na karata bora kuliko yake, na mtu huyo alikuwa akifurahi.

Toka hapo akabadilika. Msidhani akawa Khatibu. Akipata mbili, tatu, nne, alitupa na kulipa kiti chake bila uchungu. Akipata nane au tisa au kumi aliweka, si zote tena, kiasi cha kumfanya mwenzake afikiri. Na Makame, kila alipofikiri, alitupa. Komwe nne za kiti zikawa zinavuka jamvi, kidogo kidogo, kama siafu wakihama. Watu wa Juu walianza kuguna.

"Makame, anakula!"

"Aacheni ale. Anakula makombo."

"Makombo yamejaa sinia sasa!"

Yakamfika Makame. Alipopata mzungu wa tatu, aliona sasa ndio saa ya kumrudi huyu mwanamke anayeweka kwa kila takataka. Mize alikuwa ameweka; Makame akaongeza nyingi; Mize akalingana. Makame akafunua mzungu wake kwa fahari. Mize akafunua mzungu wa nne.

"Yallah!" alisema Bi Raya, ingawa mgawaji hakutakiwa kusema kitu.

Rundo likahama jamvi. Makame hakuwa mtu wa hasira; alikuwa mtu wa kanuni, na hiyo ni mbaya zaidi. Alirudi kwenye kungoja kwake. Akalipa kiti, akatupa. Akalipa, akatupa. Jua lilikuwa limeegemea mikarafuu alipolipa kiti tena, akabakiwa na komwe tatu mbele yake. Bi Raya akampa karata. Akaichungulia, na uso wake wote ukang'aa kwa furaha, furaha ya kweli, mpaka Mize mwenyewe alikaribia kumfurahia.

Makame akasukuma komwe zake tatu. Mize akaweka tatu zake bila kutazama analingana na nini. Karata ikafunuliwa.

"Ree!" walipiga kelele watu wa Juu. "Ree ya shupaza! Imekuja!"

Waliruka, wakapigana mabega. Makame aliivuta sahani kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Halafu akaangalia ndani yake. Komwe kumi na nne. Akainua macho kuangalia upande wa Mize, ambako komwe zilikuwa zimelundikana mpaka nyingine zinabingirika na kutoka nje ya jamvi. Akaangalia tena sahani. Kelele za Juu zilipungua, moja baada ya nyingine, kadiri kila mtu alivyopiga hesabu hiyo hiyo.

"Hii ndiyo ree niliyoingoja tangu adhuhuri," Makame alisema polepole.

"Hongera, bwana," Mize alimjibu, na safari hii akacheka kweli. "Lipia kiti."

Alilipia. Mgawo mmoja akatupa, mgawo wa pili akalazimika kuweka zilizobaki juu ya karata ya sita, Mize akawa na nane. Adhana ya magharibi ilimkuta Makame amesimama, na wanawake wa Bondeni wakipiga vigelegele mpaka kuku wakashuka tena kutoka kwenye mti.

Siku ya pili wanaume wa Juu walijifunga kanga. Pilau ikaungua kidogo chini, kama inavyotakiwa na wanaojua kula ukoko. Mzee Shaame alikalishwa juu ya mkeka mpya, mkeka wa mkono wa binti yake, na Makame Faki mwenyewe akaja na birika na beseni, akamnawisha mikono, akamwekea sinia mbele. Mize alisimama mlangoni. Alidhani angecheka, kumbe machozi yakamtangulia, na hakuyaficha.

Mzee alikula taratibu. Hakuwa amempongeza binti yake tangu jana, naye Mize hakujua kama bado ana uchungu wa kanuni yake kuvunjwa mbele ya watu. Alipomaliza tonge la tatu aligeuza uso kumtafuta Makame kwa sauti.

"Makame, nasikia ree ilikuja."

"Ilikuja, mzee wangu. Ikanikuta na komwe tatu."

Mzee Shaame akaacha tonge hewani. Akaanza kutikisika mabega, watu wakadhani amepaliwa, kumbe anacheka. Alicheka mpaka Makame akacheka, akiwa na mwiko mkononi na masizi usoni.

"Na mimi zilikuwa zinakuja," mzee alisema, akijifuta macho. "Kila mwaka zilikuja. Zikinikuta na mbili, na moja. Nami nikirudi nyumbani nawaambia watoto kwamba tumefungwa na watu wa Juu." Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, Mize akaja akaushika. "Nyinyi hamjatufunga hata siku moja, Makame. Huyu mwanangu kakiona kilichokuwa kikinila tangu ujana wangu, nami nimekikalia. Mpakulie na yeye, tena umjazie. Mngoja ree huliwa na kiti."