Nani Asimtupie Kaanaeli Udongo?

Wenye masikio, yategeni. Wenye majibu ya haraka, yamezeni kwanza.

Huko Machame palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Elirehema alijua kusamehe. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Balozi Temba, wa nyumba kumi, alijua kutuliza: watu wakitaka kushikana mashati, yeye hufika, hukohoa, na vifungo vya mashati vinasalimika. Fundi Ombeni alikuwa na mikono ya kunyoosha bati. Gari lililobondeka likitoka gereji kwake, hata mwenyewe hujiuliza lilipata ajali lini. Watu wema wote watatu. Hadithi hii haina mtu mbaya hata mmoja, na ndiyo maana siipendi.

Mwanamke wa hadithi ni Apaikunda, mke wa Kaanaeli. Figo za Kaanaeli zilikuwa zimekwisha, akawa mtu wa kupelekwa hospitali mjini Moshi kila wiki kusafishwa damu kwa mashine. Apaikunda alikuwa na gari dogo jeupe, la kukodisha, alilolikatia bima kubwa. Siku za hospitali lilimbeba mumewe; siku nyingine lilikodishwa, na kilichopatikana ndicho kilicholipia mashine. Mimi nasema lile lilikuwa figo ya Kaanaeli, yenye magurudumu.

Ikaja Krismasi, na Mchaga na Krismasi mnawajua: hata aliyelala njaa mwaka mzima atapanda kwao. Elirehema, mtoto wa kaka yake Kaanaeli, akaja kutoka Dar es Salaam na kulikodi gari la mama yake mdogo, kwa mkataba, kama mteja yeyote. Asubuhi ya sikukuu akawa anakwenda ibadani na watoto wake. Pikapu iliyosheheni ndizi ikatoka kihambani, kwenye shamba la migomba, kinyumenyume, ikamgonga kwa mbele. Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo tu. Bampa likabonyea, taa ikapasuka, na hakuna aliyeumia.

Dereva wa pikapu akaruka chini, akachuma jani la isale kwenye ua wa jirani, akapiga magoti barabarani.

"Kaka, gari ni la tajiri. Akijua nimegonga, sina kazi, na watoto wangu hawali."

Kwa Wachaga, anayekuja na isale hakataliwi, na aliyelipokea hana tena neno na mwenzake. Elirehema akalipokea kwa mikono miwili. "Yamekwisha, ndugu yangu. Inuka, unachafua suruali ya sikukuu." Watu wakapiga makofi.

Balozi Temba akafika. Barabara ilikuwa nyembamba na imeziba, honi zinalia, na ndani ya gari moja la nyuma alikuwamo mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mtu mmoja akasema magari yasisogezwe, asubiriwe trafiki aje apime. Balozi akakohoa.

"Trafiki, siku ya Krismasi? Na huyu mama atazalia mikononi mwako? Haya, sukumeni!"

Wakasukuma magari pembeni, njia ikafunguka. Mtoto alizaliwa salama, wa kike.

Ombeni naye akaletewa gari mchana uleule. Nyundo yake ya kwanza alinunuliwa na Kaanaeli, alipokuwa hana mbele wala nyuma, kwa hiyo malipo hakutaka hata kuyasikia. "Mama ana mgonjwa ndani," alimwambia Elirehema. "Tumwongezee na hili? Asilione hivi." Wenzake wakila nyama, yeye alikuwa chini ya gari. Akanyoosha, akabadilisha taa, akapiga rangi. Ufa mwembamba kwenye rejeta inayopoza injini, nyuma ya bampa, hakuuona. Ulikuwa bado haujaanza kuvuja.

Elirehema alirudisha gari, akasimulia yote bila kuficha. Apaikunda akawashukuru mmoja mmoja. "Aika sana, wanangu," alisema, hata kwa balozi aliyemzidi umri.

Siku ya hospitali ikafika. Wakiwa wanateremka kwenda Moshi, mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Kaanaeli alikuwa amelala kiti cha nyuma.

"Mke wangu, simama. Nasikia harufu."

"Nikisimama, zamu yako anapewa mwingine. Tumekaribia, vumilia."

Akakanyaga mafuta. Waliwahi. Gari likazimika penye geti la hospitali, likitoa moshi, na injini haikuwaka tena mpaka leo.

Apaikunda akaenda kudai bima. Aliyempokea alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya kufariji wafiwa, na aliuliza maswali yake taratibu. Mwisho akavua miwani.

"Mama, aliyegonga alisamehewa mbele ya watu. Tukikulipa wewe, sisi tutamdai nani? Magari yalisogezwa kabla ya polisi. Tutajuaje nani alimgonga nani? Na bodi imenyooshwa kabla mkaguzi wetu hajaliona gari. Mimi nikilitazama, naona gari zima lenye injini iliyoungua."

"Katika hayo matatu, lililoniponza ni lipi?"

"Lolote, mama. Hata lingekuwa moja peke yake, jibu letu lingekuwa hilihili: hatulipi."

Hakuuliza kuhusu mshale wa joto. Apaikunda naye hakuutaja.

Wahenga walisema wema hauozi. Lakini wahenga hawakuwahi kudai bima.

Ndugu wakachanga, wakachanga tena, kisha simu zao zikawa hazipokelewi. Kaanaeli akakosa mashine mara moja, akakosa tena, akavimba miguu mpaka viatu vikamkataa. Siku aliyojua hatafika kesho alimwita mkewe karibu.

"Wote nimewasamehe. Ila aliyeniua asinitupie udongo. Mzuie wewe."

"Nani huyo, baba?"

"Unamjua," akasema, akageukia ukutani. Hakusema neno jingine tena.

Maneno yale Apaikunda hakumwambia mtu. Alilala nayo na kuamka nayo, na kila alipofumba macho alisikia ile sauti ya kiti cha nyuma ikisema simama. Aliogopa kuliko alivyolia.

Wakamzika kihambani, migombani. Mchungaji akawaita watu watupe udongo, akaanza na mjane. Apaikunda akainama, akachota, akageuka badala ya kutupa. Nyuma yake walisimama watatu wale, kila mmoja na udongo wake. Akawaeleza wosia wa marehemu, kwa sauti ambayo waliokuwa mbali waliisikia.

Elirehema akasogea mbele. "Mama mdogo, ningemwachaje mtu amepiga magoti? Ningekataa isale, ukoo wetu ungesemaje?"

Balozi Temba, leo bila kukohoa, akasema, "Yule mtoto yuko hai. Niambie ningemwacha afie barabarani, nami nitaondoka."

Ombeni alikuwa analia waziwazi. "Alininunulia nyundo, mama. Nilitaka kumlipa."

Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja kwa mkono wake aliizima ile mashine. Apaikunda akamtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ule uliokuwa kwenye usukani, umefumbata udongo ambao sasa ulikuwa unadondoka katikati ya vidole. Mchungaji alifunga kitabu chake, na wachimba kaburi wakashika majembe wakimngoja mama aamue.

Basi nanyi mmesikia kila kitu, na mmekaa mahali pazuri, hamna maiti mbele yenu. Marehemu alisema ni mmoja, na kwamba mkewe anamjua. Je, ni aliyesamehe, aliyefungua njia, aliyenyoosha, au aliyekataa kusimama? Ungekuwa wewe, ungemzuia nani asimtupie Kaanaeli udongo?